Makumbusho ya Posta, Kijiji cha Makumbusho au Bagamoyo: wapi pa kuwapeleka watoto na bibi yao?

Mama Watatu

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, maana likizo imeanza na nyumbani hapakaliki.

Nina watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la sita, wa kati la tatu, na kitindamimba ana miaka minne na nusu, huyu ndiye mwenye nyumba, sisi wengine wapangaji. Juu ya hapo mama mkwe yuko hapa kutoka Bukoba, alikuja kutibiwa macho. Anaendelea vizuri, ila amechoka kukaa sebuleni akitazama ukuta wa jirani.

Nataka Jumamosi moja ya kueleweka. Maduka wameshayaona, bembea wameshazichoka. Natafuta kitu cha urithi wetu lakini watoto wasisinzie. Nimesikia kuhusu Makumbusho ya Taifa kule Posta, Kijiji cha Makumbusho, matembezi ya mguu ya majengo ya zamani katikati ya mji, na kwenda Bagamoyo kurudi siku hiyohiyo. Kipi kinafaa kwa kundi la namna hii? Tunaishi Kimara, gari hatuna, na mfuko ni wa kawaida.

Konda Mstaafu

Kabla ya yote dada, tengeneza jina kwanza. Hapa Dar ukimwambia mtu "nipeleke Makumbusho" atakushusha stendi ya Makumbusho, Kijitonyama. Pale jirani ndipo kilipo Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo. Makumbusho ya Taifa yenyewe, ya fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, yapo mjini Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na chuo cha IFM na bustani ya mimea. Ni sehemu mbili tofauti kabisa, na foleni ya katikati yake unaijua.

Nimeshusha familia ngapi pale stendi watoto wanauliza "fuvu liko wapi?" Baba mtu anakaza uso tu.

Kwa mtu wa Kimara, ya Posta ni rahisi zaidi: mwendokasi wa Kivukoni moja kwa moja, unashuka Posta ya Zamani, unatembea kidogo. Ya Kijitonyama unabadilisha Ubungo, unachukua daladala za kupitia Mwenge.

Baba Chanja

Mtoto wa miaka minne makumbusho ya nini jamani? Mpeleke akaogelee. Makumbusho ni vioo na maandishi, mimi mwenyewe nilipelekwa na shule, ninachokumbuka ni soda ya Mirinda tuliyonunuliwa wakati wa kurudi.

Mwl wa Mbagala

@Baba Chanja usivilaumu vioo, laumu waliokupeleka. Nimepeleka watoto wa shule makumbusho mara nyingi, na nimegundua kwamba safari huharibika siku moja kabla, nyumbani. Mtoto akifika hajui anatafuta nini, kila kioo ni sawa na kingine.

Dada, nikwambie ninavyofanya kwa ya Posta. Siku ya kuamkia safari nawachorea watoto nyayo kwa chaki kwenye sakafu. Wale watu wa kale wa Laetoli, kule Ngorongoro, waliotembea kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, nyayo zao zilizogunduliwa 1978, mmoja wayo wake ulikuwa na urefu wa sentimita 18 na nusu hivi, mwingine kama 21 na nusu. Nachora zote mbili. Mtoto wa darasa la tatu anaweka mguu wake juu ya ile ndogo, unakaribiana! Hapo hana usingizi tena. Anataka kujua ni mtoto au mtu mzima, walikuwa wanakwenda wapi, kwa nini waliongozana. Kesho yake akifika kwenye sehemu ya chimbuko la binadamu, anaingia kama mtu anayekwenda kumwona ndugu yake.

Na fuvu vilevile. Usimwambie "hili ni fuvu la kale". Mwambie angalia magego. Yule kiumbe alikuwa na magego makubwa kuliko yetu mara kadhaa, kwa ajili ya kutafuna vitu vigumu. Kisha mpe karanga mbichi atafune akifikiria. Watoto wangu wanapenda pia kisa cha siku lilipopatikana, Julai 17, 1959: Louis Leakey alikuwa kambini anaumwa, mkewe Mary akatoka peke yake na mbwa wake, ndiye aliyeliona. Wasichana darasani huwa wanatabasamu hapo. Na uwaambie Oldupai, bonde lilikopatikana fuvu hilo, ni jina la mkonge mwitu kwa Kimaasai, wageni ndio waliolisikia vibaya wakaliandika Olduvai.

Wa darasa la sita mpeleke kwenye historia ya nchi na kwenye magari yaliyotumiwa na viongozi, akiwemo Mwalimu. Wavulana hunasa hapo nusu saa nzima. Kuna pia kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 7, 1998. Hiyo muangalie umri, mdogo mpitishe haraka.

Kwa kitindamimba sikudanganyi: saa moja ikipita anaanza kulala chini. Ukiona hivyo mtoe nje, bustani ya mimea iko hapohapo, kivuli tele.

Mzaramo wa Pugu

Mwalimu umesema vizuri ila umesahau bibi. Bibi wa Bukoba unamsimamisha mbele ya kioo asome maandishi, na macho yametoka kutibiwa?

Kijiji cha Makumbusho ndiyo jibu. Pale ni nyumba za makabila zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, uwanja wazi, miti, unaingia ndani, unainama mlangoni, unatoka na vumbi la ukuta begani. Kuna tembe la Wagogo, lile la paa bapa la udongo. Kuna nyumba yetu Wazaramo, ya pembe nne, fito, udongo na makuti. Kuna ya Wachaga, Wahehe, Wanyakyusa, Wasukuma na wengine. Na kuna msonge wa Wahaya! Nyasi kutoka kileleni mpaka chini. Mpelekeni bibi kwao bila kupanda basi.

Mtoto mdogo pale anakimbia tu, hakuna wa kumwambia usiguse kioo. Ngoma ulizia kwa simu kabla hujatoka, mara nyingi ni alasiri, na siku nyingine hukuti kitu. Ukibahatika ukakuta siku ya utamaduni wa mkoa fulani, yaani jamii moja imealikwa na vyakula vyake, nyimbo zake na wazee wake, hiyo usiiache kwa chochote.

Baba Chanja

Sasa hiyo ya kuingia ndani ya nyumba naielewa. Kwa nini hakuna aliyenipeleka huko enzi zangu?

Konda Mstaafu

Ulipitiliza kituo mzee.

Dada wa Magomeni Mikumi

Ya matembezi ya mjini naomba niseme, nilishafanya na wanangu wawili. Tulichukua mtembezaji wa kampuni moja, sitaitaja. Tulipangiwa saa tatu asubuhi, tukaanza saa tano na nusu, jua utosini, na bwana yule alikuwa anasimulia kwa wageni Wazungu waliounganishwa nasi, sisi tunaambulia tafsiri ya nusu sentensi. Mtoto mmoja alitapika karibu na sanamu ya Askari.

Lakini njia yenyewe ni nzuri, niliirudia mwenyewe bila mtembezaji na ikawa tamu. Anza asubuhi kabisa. Boma la Kale kwanza, lile la mawe ya matumbawe ng'ambo ya boti za Zanzibar. Sultani Majid alilijenga miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wake, wakati mji wote huu ulikuwa kijiji cha Mzizima na mashamba. Waache watoto wapapase mlango wa nakshi, watafute maua na minyororo iliyochongwa. Mbele yake kidogo kanisa la Mtakatifu Yosefu, halafu Azania Front, lile la mapaa mekundu. Panda mpaka kwa Askari. Lile sanamu liliwekwa 1927, na kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann. Maneno ya chini yake yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, mwambie wa darasa la sita ayasome kwa sauti. Kisha umuulize Kariakoo ni neno gani. Wengi hawajui limetokana na Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza Vita ya Kwanza, kambi yao ilikuwa hapo. Mwanangu tangu siku hiyo hasemi "naenda Kariakoo" bila kuongeza "kwa wapagazi".

Malizia soko la samaki Feri, mle pweza wa kukaanga. Hiyo nayo ni urithi, hata kama haina kiingilio.

Kwa bibi? Hapana. Ni mwendo na jua. Na kama mnapita Magomeni, nyumba aliyoishi Mwalimu kabla ya uhuru ipo, ni ndogo, mnaimaliza mapema.

Mlindi Ughaibuni

Niko Berlin, nasoma huu uzi nikicheka na kulia pamoja. Dada, jiandae, mmoja wa wanao atauliza "dinosaria yuko wapi?" Watoto wote wanauliza makumbusho.

Jibu ni kwamba yuko huku. Kwenye makumbusho ya viumbe hapa Berlin kuna mifupa ya dinosaria imesimamishwa ukumbini, urefu kwenda juu unapita mita 13. Aliletwa kutoka Tendaguru, kwetu Lindi, uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Kazi ya kuchimba na kubeba kichwani mpaka bandari ya Lindi ilifanywa na watu wetu, mamia kwa mamia. Nilimpeleka binti yangu, akasoma kibao akaona Tanzania, akanigeukia: "Baba, kumbe na wewe umeletwa kutoka hapo?" Mlinzi wa ukumbi alidhani nimepatwa na kitu.

Mwambie mwanao yupo, ni Mmwera wa ughaibuni, hana tiketi ya kurudi.

Mzaramo wa Pugu

@Mlindi Ughaibuni 😂😂 hana tiketi na mzigo umezidi kilo.

Mwl wa Mbagala

Hii ya Tendaguru naichukua darasani wiki ya kwanza ya muhula. Asante mkuu.

Mswahili wa Bagamoyo

Naona mnatusahau. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar 1891, hivyo tukisema sisi ni kaka zenu msinune.

Kwa siku moja inawezekana. Ni kilomita kama 70, ukiondoka alfajiri. Lakini uwe mkweli na nafsi yako: magofu ya Kaole yako kama kilomita tano nje ya mji, utahitaji bajaji. Misheni ya Wakatoliki iko upande mwingine. Ukijaribu kuviona vyote na mtoto wa miaka minne, mtarudi mnagombana.

Ningekuwa wewe ningechagua Kaole peke yake. Msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mbuyu mkubwa ambao watoto wanauzunguka. Au misheni peke yake, iliyoanza 1868, mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa 1874 baada ya wafuasi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka bara miezi mingi. Wa darasa la sita atakuwa amesikia habari za Livingstone, ila muulize kama amesikia za Chuma na Susi. Hapo ndipo pa kuanzia hadithi.

Kama mnaweza kusubiri, njooni wakati wa tamasha la sanaa la Chuo cha Sanaa, TaSUBa. Ngoma usiku kucha, watoto wanalala kwenye kanga na hakuna anayelalamika.

Baba Chanja

Naomba kuuliza, kiingilio je? Maana nasikia ni dola.

Konda Mstaafu

Dola ni kwa wageni. Raia wanalipa shilingi na ni kidogo, watoto chini zaidi. Mie mara ya mwisho nililipa kwa simu, kwa hiyo wekeni salio, msiende na noti ya elfu kumi mkitegemea chenji. Bei kamili uliza mlangoni, zinabadilika.

Mama Watatu

Asanteni sana wote, sikutegemea. Nimeamua Kijiji cha Makumbusho Jumamosi hii kwa sababu ya bibi na kitindamimba. Posta nitampeleka wa kwanza na wa kati wiki ijayo, mdogo atabaki na bibi. Chaki nimeshanunua, @Mwl wa Mbagala. Bagamoyo naiweka akiba. Nitaleta mrejesho.

Mzaramo wa Pugu

Usitukimbie. Hapa mtu akiahidi mrejesho huwa anaoa, anazaa, ndio anarudi.

Mama Watatu

MREJESHO.

Tumeenda. Tulifika saa nne, maji chupa mbili, maandazi, na kofia ya bibi. Mwongozaji kijana mpole alianza vizuri na nyumba ya Wazaramo, akawaonyesha watoto mbuzi ya kukunia nazi. Kitindamimba aliikalia akakataa kushuka. Anadai ni farasi. Tulimwacha hapo na kaka yake dakika kumi.

Tembe la Wagogo lilimshangaza wa kati. Nje jua kali, ndani baridi kama umeingia kwenye mtungi. Akauliza kwa nini sisi tunajenga kwa bati halafu tunanunua feni. Sikuwa na jibu, na fundi wetu naye hakuwahi kuwa nalo.

Halafu tukafika kwenye msonge. Wakuu, mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Siku kumi yuko kwangu nimesikia "nashukuru" na "inatosha". Alipoona ule msonge alisimama. Akaishika ile nyasi ya pembeni ya mlango, akaipinda kwa vidole viwili, akaitazama kwa jicho lililotibiwa. Akasema kwa Kihaya kitu ambacho mume wangu tu angeelewa, na mume wangu alikuwa kazini.

Akaingia ndani bila kusubiri mwongozaji. Tukamfuata. Akaanza kuonyesha kwa mkono: chini panatandikwa nyasi mbichi, mgeni akija zinabadilishwa, mtoto ukimwaga chakula juu yake unachapwa. Hapa analala fulani, hapa wanakaa wazee, huku usipite. Ng'ombe huko. Mwongozaji akanyamaza kabisa, baadaye nikamwona anatoa simu anarekodi, akamuomba ruhusa kwa heshima, "Bibi, naomba nijifunze." Familia nyingine mbili zilizokuwa nje zikaingia kusikiliza. Bibi akaendelea kama hajawaona. Alifika mpaka kwenye senene: msimu wake, wanavyowakamata usiku, wanavyowatoa mabawa. Mtoto wa watu akauliza kama wanauma. Bibi akamjibu, "Sisi ndio tunaowauma."

Tulikaa mle karibu saa nzima. Nyumba nyingine tulizipita kama basi la usiku.

Ngoma hazikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimepiga simu nikaambiwa, kwa hiyo hatukuvunjika moyo. Choo kipo. Chakula tulikula nje ya stendi, ugali samaki, bibi akasema samaki wa Dar hana ladha ya Ziwa lakini akammaliza.

Wa kwanza, huyu wa darasa la sita ambaye asubuhi alikuja kwa kulazimishwa akiwa na vidude masikioni, alirudi amekaa siti moja na bibi yake kwenye mwendokasi anaandika majina ya Kihaya nyuma ya daftari la hesabu. Amejua neno la nguzo, la moshi na la mgeni. Ya shangazi zake bado.

Mwl wa Mbagala

"Sisi ndio tunaowauma." Nimeinuka kwenye kiti.

Mlindi Ughaibuni

Yule mwongozaji aliyenyamaza akarekodi, apandishwe cheo.

Baba Chanja

Nakiri. Jumamosi ijayo nakwenda na wangu. Sina bibi wa Bukoba, nitakodi wa nani?

Konda Mstaafu

Kaa mlangoni usubiri, bibi yeyote akiingia mfuate.

Mama Watatu

Jamani kuna tatizo jipya. Watoto wameamua kujenga msonge mdogo uani, pale palipokuwa na banda la kuku. Bibi ameahirisha safari ya Bukoba wiki mbili ili asimamie. Nani anajua nyasi za kuezekea zinapatikana wapi hapa Dar?

Mzaramo wa Pugu

Nyasi shida. Makuti nakuletea kesho asubuhi kutoka Pugu, bei ya ndugu.

Mama Watatu

Nimemuuliza bibi kuhusu makuti. Hajajibu, amenitazama tu.

Mzaramo wa Pugu

Basi nimeelewa. Naanza kutafuta nyasi.